Swaumu ya Daktari Mongi

"Kunywa!" Naziha alifoka, pua ameibana kwenye kidirisha cha mlango. "Pipa hilo hapo nyuma yako, Mongi. Kunywa!"

Daktari Mongi alitikisa kichwa. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya vyungu vya shayiri, shati limemgandia mwilini, midomo imepauka kama ardhi ya chumvi nje ya mji wa Tozeur.

"Nimefunga," alisema.

Naziha alidhani masikio yanamdanganya. Kituo kizima cha utafiti kilijua kwamba Mongi hufunga Ramadhani yote isipokuwa mchana. Juzi tu alikutwa stoo anatafuna mkate wa jodari, akadai anaupima unyevu.

Chumba chenyewe kilikuwa kontena la chuma. Humo Naziha alikuwa ameitesa shayiri miaka mitatu: nusu akiinyima maji, nusu akiinywesha kutoka kwenye lile pipa, yote akiichoma kwa joto la jangwani. Kisha huyabana majani kwa kimashine, aone kama bado yana nguvu ya kugeuza mwanga kuwa chakula. Jumapili kituo kingechagua utafiti mmoja wa kuendelea, wake au wa Mongi. Mwingine ungezikwa.

Kitasa cha ndani kilikuwa kimekufa siku nyingi, kwa hiyo kila aingiaye huegemeza tofali mlangoni. Mchana ule Ami Jilani, mlinzi, aliliona tofali, akalihurumia joto la serikali linalovuja bure, akafunga kwa ufunguo ule mmoja uliopo, akautia mfukoni na kupanda pikipiki kwenda kufuturu kwao Nefta. Ajabu ni kwamba Mongi, aliyekuwa ndani, hakuita.

"Ulifuata nini humo?" Naziha aliuliza.

"Nilikuja kukuangalizia mimea, dada. Jirani ni jirani."

Naziha aliona haya kwa yote aliyowahi kuyasema juu ya mtu huyu.

Umeme alikwisha kuuzima. Aliposhusha swichi alijua ameliua jaribio lake, maana shayiri iliyopozwa katikati ya kipimo haina ushahidi tena. Lakini mtu kwanza. Ila chuma hakijali swichi, na jua la Juni lilikuwa bado limekilalia mgongoni. Ami Jilani alipopigiwa simu alisema yuko njiani. Lakini Nefta si jikoni, ni mji mwingine.

Bwana Hedi, mkuu wa kituo, alikuja mbio ameinua simu juu kama bendera. Ndani yake imamu alikuwa akinguruma.

"Mwambieni ndugu yetu, anayehofia kufa ni wajibu afungue! Akijikaza anachuma dhambi, si thawabu!"

"Umesikia?" Naziha aligonga mlango.

"Nimesikia." Mongi alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Maji yenyewe yana mbolea."

"Mbolea gani? Maji ya bomba hayo! Nimeyajaza mwenyewe asubuhi!"

Mongi alifumba macho kama anayesali.

"Tulimwita kobe, mla mchana," Bwana Hedi alisema, machozi yakimlengalenga. "Mtu wa Mungu kama huyu, sisi tukamwita kobe."

"Mtu wa Mungu gani? Punda!" Naziha alilia. "Utakufa, Mongi! Huo si uchaji, ni ukaidi!"

Hatimaye adhana ya magharibi ikapaa juu ya mitende.

"Haya! Magharibi hiyo! Sasa huna kisingizio!"

Mongi aligeuka, akalitazama pipa muda mrefu kama mtu atazamaye kaburi lililokwisha kuchimbwa. Akaramba midomo. Kisha akalipa mgongo, akalala chini.

Pikipiki ilifika ikipiga kelele, Ami Jilani juu yake na kijiko cha supu bado mkononi. Mlango ulipofunguliwa joto liliwapiga kama kofi. Walimburuta Mongi hadi kizingitini, wale wanaume wawili wakakimbilia gari.

Naziha alipiga magoti. Alichota kikombe pipani, akamwinua kichwa, akamtilia kikombe mdomoni. Mongi aliuma meno.

"Basi tufuturu pamoja," Naziha alisema kwa upole, kama amwambiavyo mama mtoto anayesusa. Koo lake nalo lilikuwa kavu kama kuni. Tangu alfajiri halijapita tone. "Naanza mimi, ukiniona nawe utafuata. Bismillahi."

Mkono wa Mongi, ambao dakika ile ile haukuweza kufukuza nzi, uliruka na kukipiga kikombe hadi ukutani.

"Usinywe, dada," alisema, akaanza kulia. "Pipa zima nimelitia dawa ya kuua magugu."