Silinda Mbili Zilizonyamaza

"Tia resi!"

Nassra akakanyaga mafuta. Gari ikatetemeka mwili mzima, ikapiga chafya kwenye bomba la moshi, ikazimika.

Mzee Ubwa alibaki ameinamia injini, jasho likimchuruzika hadi ndevuni. Kulia miwa, kushoto miwa; Mahonda walikuwa wameshaipita, na mjini bado mbali. Ndege ya Maskati ilikuwa inaondoka alasiri, na Nassra, mwanawe, bado yuko hapa, kavaa buibui jipya, hina mikononi, masanduku yake ndani ya buti.

Jana gari hii kuukuu aliihudumia mwenyewe, na asubuhi ilitoka Mkokotoni ikinong'ona. Njiani walisimama makaburini kumuaga marehemu mkewe, Mwatum. Nassra aliomba dua yake akatangulia kurudi garini. Yeye alibaki kumaliza Yasini, akimweleza marehemu kwamba amana ameifikisha: binti kaolewa na Suhail, kijana wa watu, mwenye kazi yake Maskati. Watu wa Suhail walipokuja kuposa, Nassra aliulizwa, akainamisha kichwa, akanyamaza. Na kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake.

Walipoondoka pale makaburini ndipo gari ilipoanza kumisi, ikikohoa na kukosa nguvu.

"Baba, pumzika kidogo," Nassra alisema akishuka.

"Ntapumzika ukishapanda ndege."

Zamani watu walimletea magari kutoka Makunduchi hadi Nungwi. Alisikiliza tu, akasema ugonjwa ulipo. Masikio bado yalikuwa yale yale. Macho ndiyo yaliyoota utando, yakamwachia vivuli. Sasa Nassra ndiye aliyeendesha, na ndiye aliyemsomea kila kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Tangu mama yake afariki alikulia gerejini, akijua jina la kila spana kabla hajajua kukuna nazi.

"Chomoa plagi ya pili, nitazamie moto. Cheche unaiona?"

"Nnaiona, baba."

"Rangi gani?"

"Buluu. Nzuri tu."

"Na ya tatu?"

"Nayo buluu."

Moto upo, basi. Mzee Ubwa akapapasa waya za plagi. Zilikuwa zimefungwa fungu moja kwa utepe mweusi, kidole hakiwezi kuifuata hata moja. Mwenyewe alizipaka nambari kwa rangi nyeupe, enzi za macho yake.

"Nisomee nambari, kwa mpangilio wake."

"Moja, tatu, nne, mbili," Nassra alijibu hapo hapo. Ndio mpangilio wa kuwaka wa injini ile.

"Hazikupandana, moja kukaa pa mwenzake?"

"Zimekaa sawa, baba."

Akafungua kabureta, akaipuliza mpaka kifua kikamuuma. Akanusa petroli: safi, haina maji. Simu ikalia. Alikuwa Bi Riyama, dada yake Suhail, aliyekuwa asafiri pamoja na bibi harusi.

"Mzee Ubwa, mko wapi? Huku uwanja wa ndege watu wanaingia ndani!"

"Tunakuja, Bi Riyama. Tunakuja, inshallah."

Sauti yake mwenyewe ilimtia aibu. Akajitupa barabarani, akapunga mikono kila alipousikia mvumo wa gari. Siku hiyo kulikuwa na mechi uwanja wa Amani. Magari yote yalipita yamejaa washabiki hadi milangoni, wakimpigia honi na kuimba.

"Itakaa sawa sasa hivi," Nassra alimwambia, akimvuta kwa mkono atoke njiani. "Si wewe ndiye fundi?"

Neno lile lilimrudisha kwenye injini. Akashika koleo lenye mpini wa mpira, akamwamrisha awashe. Gari ikawaka kwa tabu, ikitikisika kama mgonjwa wa homa. Akachomoa waya ya plagi ya kwanza: mlio ukabadilika. Akairudisha. Akachomoa ya pili: mlio haukubadilika hata chembe. Ya tatu: vile vile. Ya nne: injini ikataka kufa.

Akasimama wima polepole.

Silinda ya pili na ya tatu, majirani wawili, zimekufa kwa pamoja, na moto upo, na waya zimekaa sawa, na mafuta yapo. Maisha yake yote ugonjwa huo aliujua kwa jina moja tu.

"Zima," akasema. "Gasketi ya hedi imekatika baina ya hizo mbili. Hii hata nikiletewa gereji nzima hapa barabarani, leo haitengenezeki."

Nassra akazima. Hakulia. Hilo lilimuumiza zaidi kuliko kilio.

Simu ikalia tena. Hakuipokea. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, viganja vyake vyeusi vimelala mapajani, akijaribu kufikiri atawaambia nini watu wa Suhail. Jua likapinda. Kisha akasikia kwa mbali ngurumo, ikapanda, ikapita juu yao kuelekea kaskazini. Aliinua uso, ingawa asingeweza kuiona.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe, baba."

Hapo machozi yakamtoka, mzee mzima, mbele ya mwanawe.

"Nisamehe, Nassra. Nimekuharibia maisha yako. Fundi wa dunia nzima, gari ya mwanangu imenishinda."

Nassra alipiga magoti mbele yake, akambusu mkono wenye grisi, akaushikilia kwa muda. Halafu akainuka, akaenda zake garini.

Mzee Ubwa akasikia boneti ikifunguliwa. Waya moja ikachomolewa, kisha nyingine. Zikarudishwa: ta, ta. Boneti ikafungwa. Stata ikalia mara moja tu, na injini ikaingia laini, silinda zote nne, ikinong'ona.

"Panda, baba," alisema Nassra kutoka kwenye usukani. "Turudi nyumbani."