Uvimbe Mkali

Kwa jinsi Yudith alivyomsimulia daktari, Saulo alimkamata mkewe pale uwanjani walipoanika mpunga, mchana kweupe, akamburuza kwa nywele hadi jikoni. Kosa lenyewe, kwa madai ya Yudith, lilikuwa kokoto moja kwenye wali. Saulo aliitema kiganjani, akaitazama, akamwambia mkewe afumbue mdomo. Akamtia ile kokoto. Halafu akaifunga taya kwa ngumi.

“Mimi nachungulia kwenye uzio,” Yudith alisema. “Nikamsikia mama Ikupa anatafuna meno yake mwenyewe. Saulo akaja na mchi sasa. Alimpiga nao mpaka mchi ukavunjika.”

Yudith alikuwa jirani yao kule Ubaruku, na ndiye aliyewasindikiza hadi hospitali hii ya Mbeya, maana Tekla, mke wa Saulo, si msemaji. Tekla alikaa kando ya kitanda, amejiziba mdomo kwa kitenge. Alikuwa amemgeuzia daktari sikio la kulia, kwa kuwa la kushoto lilishaacha kusikia. Hakukanusha kitu. Yudith alikuwa ameongeza chumvi kidogo tu: mchi haukuvunjika, ulimponyoka Saulo kwa sababu ya damu.

Saulo mwenyewe alilala akitazama dari, ametulia kama gunia la pumba. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walisema ni sindano.

Daktari aliinua picha ya kichwa kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma ya paji la uso palikuwa na doa kubwa kama kiazi.

“Hii ni saratani ya ubongo,” alisema. “Tena uvimbe wenyewe ni mkali sana.”

Tekla alilirudia neno lile ndani ya kitenge, polepole. Mkali.

“Si nilisema?” Yudith alidakia. “Kumbe ni kichwa. Mtu anaimba besi kanisani, hakuna jeneza asilolibeba, atoe wapi roho ya kumtwanga mwenzie kama mahindi? Si yeye, daktari. Ni huyo mdudu.”

Hayo Tekla alishayazoea. Tangu majibu ya kipimo cha kwanza, Ubaruku nzima ilikuwa ikimpa pole kwa ajili ya kichwa cha Saulo. Mama mkwe alisema ni kichwa. Mwenyekiti wa kitongoji, yule aliyemrudisha kwa mumewe na damu ikimchuruzika, akimwambia ya chumbani yaishie chumbani, naye alikuja na kuku mkononi akasema kumbe ni kichwa.

“Pole sana, mama,” daktari alisema. “Uvimbe ukikaa hapa mbele, humbadilisha mtu. Ndugu hudhani ni tabia, kumbe ni ugonjwa.”

“Kweli amebadilika,” Tekla alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kumwambia daktari.

“Mwambie na ya maji ya moto,” Yudith alimchokonoa ubavuni. “Mwambie kwa nini mtoto alipelekwa Chunya.”

Tekla aliutazama mkono wake. Ngozi ya pale ilishakuwa laini, inang'aa kama ganda la kitunguu. Maji yale ya ugali Saulo alimrushia Ikupa. Yeye aliuingiza mkono katikati. Kesho yake alimpandisha mtoto basi kwenda Chunya kwa shangazi, meno yake ya utoto yote yakiwa bado mdomoni.

Saulo akainua mkono ghafla.

Viwiko vya Tekla vilishafunika kichwa kabla hajajua anafanya nini. Yudith alirukia mlangoni, akaangusha ndoo. Daktari alikishika chuma cha kitanda. Mkono wa Saulo ukashuka kwenye blanketi, ukapapasa, ukalipata pindo la kitenge cha mkewe, ukatulia hapo.

“Unaona mwenyewe?” Yudith alisema, bado yuko mlangoni. “Ndiyo maisha yake hayo.”

Daktari alivuta kiti, akakaa upande lilipo sikio zima.

“Nitakwambia ukweli, mama. Tukikifungua kichwa hatutaumaliza uvimbe wote, na huu huwa unarudi. Ila tukiupunguza, na dawa zikakubali, anaweza kupata mwaka, au zaidi. Tukiuacha, hafiki mavuno.” Alimtazama Saulo, kisha akamtazama tena Tekla. “Lakini kikubwa ni hiki. Kile kinachombana kikiondoka, akili zake zitarudi. Utampata mumeo kama alivyokuwa. Yeye hawezi kuamua kwa sasa, uamuzi ni wako. Utupe ruhusa tu.”

“Anakubali,” Yudith alisema. “Nani atakataa kurudishiwa mtu wake?”

Tekla alikikaza kitenge mdomoni.

“Kwanza nisaidie jambo moja,” daktari alisema kwa upole. “Nataka kujua uvimbe umeanza lini. Alianza lini kukupiga?”

Tekla alikishusha kitenge. Palipokuwa na meno ya mbele palikuwa na pengo jeusi.

“Tangu anioe.”

“Hapana, mama. Nauliza tangu augue.”

“Tangu augue hajanigusa.”

Daktari aliilaza picha magotini.

“Siku hizi ananichambulia mchele,” Tekla alisema. “Kokoto anaziweka kiganjani kwake, ananionyesha. Ikupa amekuja likizo, wamekula sahani moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.” Aliuangalia ule mkono uliolishika pindo lake. “Mkali alikuwa Saulo, daktari. Uvimbe ni mpole. Naomba msiutoe.”