Sauti ya Mheshimiwa Lugendo

Kwa miaka kumi na tisa Mheshimiwa Lugendo hakuwahi kutoa hotuba katika Baraza la Jimbo. Kazi yake ilikuwa kusema "Ndiyo." Kura zilipigwa kwa sauti, Spika aliamua kwa kusikiliza, na hakuna mjumbe aliyekuwa na kifua kama chake. Chama kilimketisha katikati ya ukumbi, mahali ambapo sauti yake ilirudi kama ya watu kumi.

Alasiri hiyo uliletwa muswada wa bwawa. Kijiji alichozaliwa kingefunikwa na maji.

"Mzee, umekunywa tangawizi?" alinong'ona mnadhimu wa chama kutoka kiti cha nyuma. "Wapinzani leo wamekuja wote, hata yule mgonjwa."

"Nimekunywa."

"Basi ngurumo moja tu, baba, twende nyumbani."

Spika alisimama. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo" ilitoka, nyembamba. Lugendo alikuwa amefumba mdomo. "Siyo" ya wapinzani ikafuata, haikuizidi wala haikuzidiwa.

"Sikupata mshindi," alisema Spika, akimtazama Lugendo. "Nauliza tena. Wanaoafiki?"

Mnadhimu alimshika bega. "Mzee!"

Lugendo alivuta pumzi. Mwanga wa madirishani ulikuwa umegeuka kijani, mzito, unaotembea polepole kama chini ya maji. Chini, kati ya miguu ya waheshimiwa, aliona mapaa ya mabati ya kijiji chake na uwanja uliofagiliwa. Mwanamke mmoja alikuwa akianua nguo bila haraka. Akasita, kanga mkononi, akainua uso kama mtu aliyesikia anaitwa.