Kitambaa cha Sinki

Miaka saba namwomba mume wangu akaushe sinki akimaliza kuosha vyombo. Jana nilirudi kutoka kazini nikalikuta kavu, linang'aa, na kitambaa kimetundikwa kwenye bomba.

"Leo nimekumbuka," akasema, macho kwenye simu.

Nilitaka kumshukuru, lakini nilipokishika kile kitambaa, mkono wangu uligoma kukiacha. Kilikuwa kimekunjwa mara tatu, kingo zote ndani. Mimi hukikunja mara moja tu. Yeye hukitupa kilivyo.

Nikakikunjua, nikakilowesha, nikamwekea mkononi.

"Hongera, baba watoto. Hebu kikunje tena, nione."

Akakikunja, akakikunjua, akaanza upya. Maji yakawa yanachuruzika kwenye sakafu iliyopigwa deki vizuri kuliko ninavyopiga mimi.