Sauti Niliyoitoa kwa Umma

Siku hizi programu yoyote ikitimiza mwaka huwa mali ya umma, na kila mtu anaruhusiwa kuitengeneza upya. Yangu niliiandika mwenyewe, impigishe soga mke wangu nikisafiri, kwa sauti yangu, kumbukumbu zangu na porojo zangu. Mwaka ulipotimia nikaweka dole gumba: nimeitoa, sina dai.

Leo nimerudi kutoka Korogwe, mlango umekomewa.

“Mama Zaina, ni mimi.”

“Kila nyumba mtaani ina sauti hiyo. Jana mwizi kabisha hodi nayo.”

“Niulize basi.”

“Siku ya harusi yetu ulichelewa kwa nini?”

“Chui alinizuia njiani mpaka nimnyoe ndevu. Usinichoshe, fungua.”

Humo ndani sauti yangu ikasema polepole, “Hapakuwa na chui, mke wangu. Nilijificha kwa shangazi, naogopa kuoa. Walionitengeneza upya wameniondolea uongo.”



“Najua ni wewe uliye nje, Baba Zaina,” mke wangu akasema kwa upole. “Leo kalale kwa dada yako.”

Nikasikia komeo la pili likishuka, kisha sauti yangu ikimuuliza kama amekula.