Vibua vya Nazi

Tangu wamzike binti yao Nasra, Mwanaheri alikuwa hali chakula vizuri wala hasemi. Daktari alimpa vidonge, akamwambia mumewe, Shaweji, "Na samaki wenye mafuta asikose. Ubongo nao unayahitaji. Lakini usitarajie miujiza."

Shaweji, ambaye hakuwahi kushika mwiko, alipika vibua kwa nazi. Mwanaheri alimega kidogo, akakunja uso.

"Baba Nasra, hukuvitoa matumbo?"

Jina hilo halikuwa limetamkwa nyumbani tangu mazishi.

"Sikujua kama hutolewa," alisema Shaweji.

Mwanaheri alivuta beseni la vibua vibichi vilivyobaki. "Nipe kisu."

Shaweji alisita, maana visu vyote alikuwa amevificha. Kisha akatoa kimoja sandukuni, akamwelekezea mpini, akabaki amesimama pale pale.