Sifuri ya Mzee Gwamaka

Ayoub aliinama kwenye kipimo cha mvua cha Mzee Gwamaka, akaguna. Kopo limejaa maji pomoni. Na kwenye simu yake ujumbe wa mzee huyohuyo ulikuwa umeshaingia: mvua ya jana, sifuri.

Sifuri! Mvua iliyofanya utelezi hadi ukamwangusha na pikipiki njiani, tope mpaka masikioni, mzee anaiita sifuri.

Ofisini kwao, wanakokusanya takwimu za mvua na mito, tarakimu za Mzee Gwamaka zilikuwa pacha wa tarakimu za Conjesta, mama yake Ayoub, aliyesoma kipimo kingine kule Igamba, upande wa pili wa kilima. Mama akituma kumi, mzee naye kumi. Na kanuni ya kazi inajulikana: vipimo viwili vikisema neno moja, kimoja kinahamishwa. Kule Msangano bondeni walikuwa wanakililia, maana maji ya milimani yaliwahi kuwavamia bila taarifa yakazoa mahindi yao.

Ayoub hakuwa na shaka mwizi ni nani. Mzee anampigia mama simu, anaiba jibu kama mtoto kwenye mtihani. Na mama, maskini, moyo wake laini. Tangu afiwe na mume hakuwa na ugomvi na mtu. Alishamwomba mwanawe kwamba Mzee Gwamaka asiguswe, na yeye Ayoub akitaka kuja nyumbani apige simu kwanza, apikiwe.

Safari hii hakumpigia mama. Alimpigia mwizi.

"Niko hapa hapa kwenye kipimo, mwanangu," Mzee Gwamaka akajibu bila kusita. "Kikavu kabisa." Nyuma ya sauti yake bata mzinga akalia.

Ayoub akaitazama nyumba ya mzee. Mlango una kufuli, na juu ya kufuli buibui ametanda utando. Uani hakuna hata kifaranga, sembuse bata mzinga. Lo, mtu mzima na mvi zake, uongo mtupu asubuhi yote hii! Akapanda pikipiki kwa hasira, akavuka kilima kwenda kumfumbua mama yake macho. Upande ule barabara ilikuwa vumbi tupu. Halikudondoka hata tone.

Uani kwa mama, bata mzinga alimkimbilia akipiga kelele. Na pale kwenye kigoda, kando ya kipimo kikavu, alikuwa ameketi Mzee Gwamaka, mswaki mdomoni, kiunoni kitenge ambacho Ayoub mwenyewe alimnunulia mama yake kule Tunduma.

Mama akatoka jikoni na vikombe viwili vya chai. Wala hakushtuka.

"Mwamkie baba yako," akasema, "halafu kule ng'ambo utafute msomaji mwingine. Huyu ameshahama."